Mbao Mbichi Katika Nyumba Mpya

Mimi ni karani, si seremala. Niyajuayo nimeyanunua kwa fedha yangu.

Nilipojenga, nalinunua mbao za mvule wakati wa masika, siku chache baada ya kupasuliwa. Fundi mzee alinisihi ningoje. Nikamjibu kwamba mvule hauliwi na mchwa. Kweli, lakini mti kuwashinda mchwa si kulishinda jua. Kiangazi kilipokuja, mbao za sakafu ziliachana hata sarafu ikapenya kati yake, na mlango wa chumba cha mama ukapindika. Zikanyesha mvua za vuli, mlango ukavimba. Usiku mmoja mama aliugua, akaita, na mlango haukufunguka. Tuliuvunja kwa shoka. Mama alipona, Mungu ashukuriwe.

Yafaa tujue sababu. Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka hupungua upana, bali urefu haupungui ila kidogo sana. Kwa hiyo mbao huachana ubavuni, si nchani. Maseremala wa Uingereza, ambao tangu zamani hufanya sakafu na milango kwa mti uitwao mwaloni, hukadiria mwaka mmoja wa kuukausha kwa kila inchi ya unene. Mbao hupangwa kivulini, zimeinuliwa juu ya ardhi, na kati ya safu na safu huwekwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Asiyetaka kubahatisha na apime kipande kimoja kwa mizani ya dukani kila juma. Uzito usipopungua tena, mbao zimekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali pale.

Hata mbao kavu hutanuka na kunywea kidogo. Ndiyo maana fundi mwema huunga fremu ya mlango kwa ulimi na tundu, lakini ubao wa katikati huuingiza katika mfereji pasipo gundi wala msumari. Sakafuni huacha nafasi ya nusu inchi kando ya ukuta, akaifunika kwa ubao mwembamba. Nami nalidhani nafasi ile ni uvivu!

Mlango wa pili alinifanyia fundi yule yule, mbao zikiwa zimekaa ghalani miezi 14. Hakunitoza zaidi. Aliniuliza tu kama bado nina haraka.