Magari ya Miwa na Barabara za Vijijini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme juu ya magari mazito katika barabara za vijijini. Hatutasema juu ya barabara kuu. Hiyo ina lami, ina polisi, na magazeti huandika habari zake. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipopoteza njia pale njia panda ya Londiani na kuua watu zaidi ya 50, nchi nzima ililia, na ilikuwa haki kulia. Lakini mtoto akikanyagwa na trela la miwa huko ndani, mbali na lami, huliliwa na jirani zake tu, na kesho yake matrekta hupita pale pale. Sisi twasema juu ya njia hizo za ndani, ambazo ni njia za kazi yetu na pia ni njia za nyumbani kwetu.

Ninyi mnajua kwa nini magari haya yana haraka. Muwa ukiisha kukatwa huanza kupoteza sukari, na baada ya siku moja au mbili hasara yaonekana. Kiwanda chataka miwa, mkulima ataka miwa yake iondoke, mwenye magari ataka tani nyingi kwa safari chache kwa sababu hulipwa kwa tani. Haraka yote hiyo mwishoni humwangukia mtu mmoja aliyeshika usukani, na barabara moja iliyotengenezwa kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe.

Na barabara yenyewe ni udongo gani? Huku uwanda wa Kano mpaka karibu na Muhoroni sehemu nyingi ni ule udongo mweusi. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia mkono; mvua ikinyesha huvimba na kuwa kama uji. Hata ukimwaga murram juu yake, maji yakikosa mfereji wa kutokea huingia chini, na trela la kwanza lizamapo huchimba shimo ambalo la pili hulipanua. Ndipo dereva huhamia ukingoni, ambako ndiko watu hutembea kwa miguu.

Sasa sikilizeni jambo la uzito, maana hapa ndipo twadanganywa. Watu hudhani ukizidisha mzigo kidogo, barabara huumia kidogo. Sivyo. Huko Marekani, jimbo la Illinois, tangu 1958 mpaka 1960, askari waliendesha malori juu ya barabara za majaribio, wakizunguka pale pale kwa muda wa miaka 2, ili wataalamu waone uzito gani huvunja barabara. Walichokiona ni kwamba ekseli ikibeba mzigo mara 2, uharibifu huwa kama mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki huruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Tia tani 12, na safari yako moja itakuwa imeharibu barabara kama safari 2. Na hizo zilikuwa barabara za lami na za saruji. Udongo wetu uliolowa hauhitaji hesabu, mwauona wenyewe.

Kwenye barabara kuu kuna mizani, kama ile ya Mariakani, ya Gilgil, ya Webuye. Kijijini hakuna, na mtu atasema basi nani atajua uzito? Ndugu, uzito wajulikana! Kila trela likiingia mlangoni mwa kiwanda hupimwa, maana bila kupimwa mkulima hawezi kulipwa. Karatasi imo ofisini, ina tarehe, ina namba ya gari, ina tani. Mizani hiyo hutumika kuhesabu fedha, lakini haitumiki kuokoa kalvati wala maisha ya mtu. Na dereva huambiwa uzito wake akiisha kufika, baada ya kuvuka madaraja yote. Hilo ndilo jambo la kwanza tutakalolisema mezani: kila dereva apewe nakala ya karatasi ya mizani, na kila trela lichorwe mstari wa rangi, mpakiaji asipite mstari huo hata nyapara akipiga kelele. Miwa mibichi na miwa iliyochomwa haina uzito sawa, kwa hiyo mstari upimwe vizuri, si kukisia.

Wako wanachama wametuambia, "Dereva akikataa mzigo, atafukuzwa." Ni kweli mtu mmoja akikataa peke yake atafukuzwa. Ndiyo sababu kuna chama. Lakini hata sheria haiko upande mmoja kama mnavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria ya barabara nayo yasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Wangapi hapa wameendesha saa 8 tu wakati wa msimu? Tunaona mnacheka.

Juu ya mvua twataka kusema wazi, maana hapa wengi husema maneno mazuri yasiyo na maana. Kila mtu hukubali kwamba magari mazito yasipite siku ya mvua kubwa, mpaka njia ikauke. Vizuri. Lakini dereva na tanboi hulipwa kwa safari, na mpakiaji kwa tani. Siku isiyo na safari haina unga nyumbani. Amri ya kusimamisha magari bila malipo ya siku ya kusimama ni amri ya kumfanya dereva apite njia za uchochoro usiku, na huko ataua mtu. Kwa hiyo mambo haya mawili hayatatenganishwa: gari lisimame, na mtu alipwe. Tajiri akisema hana fedha, atuonyeshe hesabu ya springi na magurudumu anayonunua kila mwaka kwa ajili ya matope.

Kuhusu usiku: trela lisilo na taa wala vioo vya kung'aa nyuma halistahili kutoka shambani jua likiisha kuzama. Mwenye bodaboda haoni kitu mpaka amegonga. Na likiharibika njiani, matawi na mawe peke yake hayatoshi. Na mawe hayo yaondolewe gari likiisha kupona.

Watoto nao hukimbilia trela na kuvuta miwa likiwa linakwenda. Kuwachapa hakusaidii. Twaona afadhali ratiba ipangwe magari yasipite mbele ya shule saa za kuingia na kutoka, na tanboi ashuke atembee mahali pale. Tena magari matupu yapite njia moja na yenye mzigo yapite nyingine kila inapowezekana, yasikutane penye upenyo wa gari moja.

Barabara nyingine ni za serikali ya kaunti, nyingine ziko chini ya KeRRA, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya 2007, na kila ofisi huwatuma watu kwa mwenzake. Tutaandika barua moja na kupeleka nakala kote. Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha ushuru wa sukari, na sehemu ya fedha zake ni ya barabara na kazi za namna hiyo katika sehemu za miwa. Tutauliza zinakwenda wapi.

Lakini hatuwezi kwenda mezani mikono mitupu. Kila dereva na aanze daftari leo: tarehe, shamba alikopakia, njia aliyopita, kalvati iliyovunjika, saa alizoendesha, na tani akizijua. Asiyejua kuandika amwambie tanboi wake. Madaftari yapelekwe kwa wawakilishi wenu kabla ya mkutano ujao wa tawi, na jina la dereva lisiandikwe juu.