Bima ndogo humlinda nani?



Mwendesha bodaboda ashushaye ndizi kutoka Kinole hadi Morogoro mjini hulazimika kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo humfidia mtembea kwa miguu aliyegongwa. Haimtibu dereva aliyejiangusha, wala haitengenezi pikipiki yake. Matibabu yahitaji bima ya afya. Pikipiki, bima kubwa. Asiye na bima hulipa fidia mwenyewe, hata kwa kuuza shamba.

Kodi ya mapato ni wajibu mwingine. Dereva hujisajili TRA na kupewa TIN bila malipo. Stika ya bima si risiti ya kodi. Nayo stika ihakikiwe katika mfumo wa TIRA, kwani stika bandia haimfidii yeyote.