Chokaa Haiponyi Kuvu

Somo: Mambo ya Walawi 14:33-53

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo ni nadra kulisikia likihubiriwa, nalo ni kuvu ya nyumbani. Kila mwenye nyumba aijua. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikipita, hasa kwa ninyi mkaao sehemu za baridi kama Limuru na Kericho, unasogeza kabati na kuona ukuta wa nyuma umeota madoa meusi na ya kijani. Koti la Jumapili lina ukungu mweupe mabegani. Godoro la watoto lina harufu. Na ndugu zetu wa Pwani wajua jinsi viatu vya ngozi vinavyogeuka rangi vikikaa sandukuni majuma machache, kwa sababu ya joto na unyevu wa bahari.

Basi twafanya nini? Wengi wetu hununua debe la rangi au mfuko wa chokaa, tukapaka. Siku ya wageni ukuta unang'aa, na kila mtu anasifu. Lakini mvua nyingine ikija, madoa yamerudi mahali pale pale, tena yameongezeka.

Je, mwajua kwamba Biblia imeandika juu ya ukuta wa namna hiyo? Fungueni Mambo ya Walawi, mlango wa 14, kuanzia mstari wa 33. Wana wa Israeli walikuwa bado jangwani, wakilala katika hema. Hawakuwa na ukuta hata mmoja. Lakini Mungu alikwisha kuwaambia la kufanya siku watakapokaa katika nyumba za mawe huko Kanaani, na pigo likaonekana ukutani. Biblia yetu huliita ukoma wa nyumba, na wengi walioyachunguza Maandiko huona kwamba lilikuwa kuvu. Rangi zake zatajwa: kijani na nyekundu. Na alama yake ni kwamba limeingia ndani kupita uso wa ukuta.

Sikilizeni utaratibu aliouweka Bwana. Mwenye nyumba atakwenda mwenyewe kwa kuhani na kumwambia kwamba anaona kitu kama pigo nyumbani mwake. Kuhani ataagiza vyombo vyote vitolewe nje, kabla yeye hajaingia. Kisha ataingia na kutazama. Akiona pigo, ataifunga nyumba siku saba. Siku ya saba atarudi. Ikiwa limeenea, yale mawe yenye pigo yatang'olewa na kutupwa nje ya mji. Nyumba itakwanguliwa ndani pande zote, na mavumbi yatatupwa huko huko. Yataletwa mawe mengine na udongo mwingine, nayo nyumba itapakwa upya. Pigo likirudi baada ya hayo yote, nyumba itabomolewa.

Ndugu zangu, mwulizeni fundi anayeijua kazi hii leo, naye atawaeleza karibu mambo hayo hayo. Kwanza hutafuta maji yanatoka wapi, maana kuvu haioti mahali pakavu. Labda gata imeziba, au bati limetoboka, au bomba linavuja ndani ya ukuta, au msingi ulijengwa bila kizuizi cha unyevu, na maji yanapanda kutoka ardhini. Labda pia chumba hakina dirisha la kutosha, na mvuke wa sufuria na wa nguo zilizofuliwa hauna pa kutokea. Fundi huondoa vitu chumbani na kuufunga mlango, ili mbegu za kuvu, ambazo ni ndogo mno hazionekani kwa macho, zisipeperuke vyumba vingine. Hufunika pua na mdomo, huvaa glavu, na hulowesha mahali palipoharibika kabla ya kukwangua. Plasta iliyooza huitoa hadi kwenye jiwe. Silingi iliyolowa na kuota kuvu haisafishwi, hutupwa. Kisha huacha ukuta ukauke kabisa, hata kama ni majuma kadhaa. Ndipo hupaka.

Doa dogo mtu aweza kuliosha mwenyewe kwa maji na sabuni, huku madirisha yamefunguliwa. Washauri wa afya wa Marekani hutaja kipimo cha kama futi tatu kwa tatu. Likizidi hapo, ni afadhali kumwita mwenye ujuzi. Lakini angalieni sana: msichanganye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, maana hutoa hewa ya sumu, nayo yaweza kuua.

Mtu atasema, "Mbona makelele mengi kwa sababu ya madoa ya ukuta?" Sisi Wakenya tumekwisha kufundishwa kwa uchungu kwamba kuvu si mchezo. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iliyoota kwenye mahindi, na 125 kati yao walikufa. Walioyachunguza mambo hayo waliona kwamba wengi wa wagonjwa waliweka mahindi ambayo hayajakauka ndani ya nyumba. Hiyo ilikuwa kuvu ya chakula, si ya ukuta. Lakini mama yao ni mmoja: unyevu uliofungiwa ndani.

Na kuvu ya ukutani nayo? Nitawapa habari ya kweli kutoka Uingereza. Katika mji wa Rochdale kulikuwa na familia iliyotoka Sudan, iliyokaa katika nyumba ndogo ya kupanga. Mwaka wa 2017 baba wa nyumba alipeleka habari kwamba kuta zina kuvu. Aliambiwa apake rangi juu yake. Baadaye alizaliwa mtoto, Awaab Ishak. Kuvu iliendelea, na malalamiko yaliendelea. Mnamo Desemba 2020, siku chache tu baada ya kutimiza miaka miwili, mtoto huyo alikufa. Mwezi wa Novemba 2022, afisa wa serikali anayechunguza vifo alitoa uamuzi kwamba mapafu yake yaliharibiwa na kuvu ya nyumba ile. Bunge lao likatunga sheria mwaka wa 2023, nayo huitwa kwa jina la mtoto huyo, inayowalazimisha wenye nyumba za umma kuchunguza na kutengeneza kwa muda uliowekwa.

Wapenzi, lipimeni jambo hilo kwa Walawi 14. Mwenye nyumba alifanya sehemu yake, akasema. Lakini kuhani hakuja. Badala ya kuhani, ilikuja rangi.

Hapa natoa neno kwa ninyi mlio na nyumba za kupangisha, na ambao Jumapili mnaketi viti vya mbele. Mpangaji akikuambia kwamba ukuta unalia maji na mtoto wake anakohoa usiku kucha, usimjibu kwamba kama hapendi na ahame. Nenda ukatazame kwa macho yako. Kodi ya nyumba unaipokea kila mwezi bila kusahau. Basi na gata nayo usiisahau.

Lakini ziko kuvu za namna nyingine katika nyumba zetu, na hizo ndizo zinazonikaza moyo zaidi leo. Kuna nyumba ambayo baba huwapiga mama na watoto usiku, na asubuhi wote huvaa nguo safi na kwenda kanisani. Kuna nyumba yenye deni ambalo mke hajui. Kuna nyumba ambayo binti ameharibiwa na jamaa wa karibu, na wazee wameketi, wakala chakula, wakakubaliana kwamba jambo hili lisitoke nje, tusije tukaliaibisha jina la ukoo au la kanisa. Hiyo ni chokaa, ndugu zangu. Nabii Ezekieli, katika mlango wa 13, aliwakemea watu waliopaka chokaa ukuta mbovu na kutangaza amani pasipo amani. Naye akasema mvua itakuja, na ukuta ule utaanguka. Wahenga wetu nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, mwenye nyumba alikwenda mwenyewe. Hakungoja majirani waseme. Tena hakutakiwa ajue hakika ni pigo gani; alitakiwa kusema tu kwamba ameona kitu. Wewe dada, wewe kijana, hukuwekewa mzigo wa kuthibitisha kila jambo. Sema uliloliona, kwa mtu mwaminifu, leo.

Pili, kuhani alitoa vyombo kabla ya kuingia. Kwa nini? Kwa sababu angekwisha kutamka kwamba nyumba ni najisi, kila kilichomo kingekuwa najisi pia. Mungu alihurumia hata sufuria na mkeka wa mtu huyo. Hivyo ndivyo mchungaji na mzee wa kanisa awapasavyo watu wanaomletea shida zao. Kwanza awaokoe walio ndani. Mtoto anayeumizwa atolewe mahali pa hatari kwanza, na palipo uhalifu waitwe wenye mamlaka. Mashauri ya wazee yatafuata baadaye. Asiingie kwa kelele na kuwaaibisha, wala asikatae kuja.

Tatu, jiwe lenye pigo liling'olewa. Halikuoshwa, halikufunikwa kwa pazia. Kung'oa kunaacha tundu ukutani, na tundu halipendezi. Kwa muda nyumba ilionekana mbaya kuliko mwanzo. Wengi huogopa hapo, wakarudi kwenye chokaa. Lakini Bwana aliagiza pia mawe mengine mapya yaletwe. Hang'oi ili atuache na tundu.

Na nyumba ikiisha kupona, sheria haikuishia kwa fundi. Waliletwa ndege wawili. Mmoja alichinjwa, na yule mwingine, akiisha kuchovywa katika damu, aliachwa aruke, mbali, nje ya mji. Ndivyo nyumba ilivyofanyiwa upatanisho. Sisi tunaoamini twamjua aliyekufa ili wengine waende huru. Yeye ndiye Kuhani wetu Mkuu. Ukimwita aitazame nyumba yako hatashangaa kwa atakayoyaona, maana alikwisha kuyajua, na bado anabisha mlangoni.

Juma hili, basi, fanya mambo mawili. Sogeza kabati lako, utazame nyuma yake. Kisha sogeza na lile kabati la moyo. Ukikuta doa, usiende dukani kununua rangi. Nenda kwa kuhani.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyewawazia watu wako nyumba zao kabla hawajazipata, zitazame nyumba zetu leo. Walinde watoto wanaolala kwenye vyumba vyenye unyevu. Walainishe mioyo wenye nyumba. Wape ujasiri wanaojua siri inayowaumiza, na uwape wachungaji wetu miguu ya kwenda na macho ya kutazama. Ng'oa lililo bovu ndani yetu, ukatujenge upya, katika Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.