Watetezi wa watoto wasiishie mradi unapoisha
Msikilizaji, Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mwaka 2018 ikatunga sheria ya kumlinda mtoto. Lakini sheria haimfikii mtoto wa Nyabugogo, jijini Kigali, mpaka mtu abishe hodi kwao. Kila kijiji kina Inshuti z'Umuryango, yaani Marafiki wa Familia, wawili, mwanamke na mwanamume, wote wa kujitolea. Kesi zinazowazidi uwezo zinahitaji wanasheria na washauri nasaha, na hapo ndipo mashirika ya haki za binadamu kama CLADHO yanapohitajika. Mengi yanategemea wafadhili. Ruzuku ikikatika, binti aliyebeba mimba akiwa shuleni anaweza kubaki mahakamani bila wa kumsemea. Hilo halikubaliki. Wafadhili na serikali, yapeni mashirika haya fedha za miaka kadhaa, mkianza na msaada wa kisheria.