Ukuta wa Udongo Chini ya Paa la Mabati: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kitale na Bungoma



Kati ya Kitale na Bungoma nyumba zimebadilika kwa kasi. Palipokuwa na nyumba ya fito iliyokandikwa udongo na kuezekwa nyasi, leo pana mabati. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa karibu kaya 8 kati ya 10 nchini zinalala chini ya mabati. Mabati hayaliwi na mchwa, na maji yake ya mvua yanatekwa. Hakuna wa kumlaumu mama aliyechoka kutafuta nyasi za kuezekea. Shida huanza mwenye nyumba anapoweka mabati juu, akayazungusha na pembeni, tena bila dari. Saa saba mchana mtoto mchanga hawezi kulala humo. Saa kumi alfajiri, hasa Kitale, blanketi moja halitoshi.

Udongo hufanya kazi kwa njia nyingine. Ukuta mnene hunywa joto polepole mchana, ukalitoa polepole usiku. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bungoma karibu mita 1,400. Kwa hiyo ukuta uleule humfaa wa Bungoma kwa kumkinga na jua la mchana, na wa Kitale kwa kumtunzia joto la jioni. Jambo hili si geni. Wabukusu walizungushia vijiji vyao kuta za udongo, na katika ngome ya namna hiyo pale Chetambe, karibu na Webuye, walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Wasabaot wa Mlima Elgon nao walikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao, na pango ni nyumba yenye ukuta mnene kuliko zote.

Hata hivyo udongo mtupu una maadui wawili, na asiyewataja anadanganya watu. Wa kwanza ni maji. Mvua inayorukia chini ya ukuta huula mwaka hadi mwaka mpaka fito zikaonekana. Wa pili ni vumbi la sakafuni. Funza hukulia kwenye vumbi hilo, na mtoto mwenye funza miguuni hutembea kwa shida, huchekwa shuleni, na mwishowe huacha kwenda. Bungoma ni moja ya kaunti mbili, pamoja na Kwale, ambako watafiti waliingia katika nyumba za watu kupima kama sakafu iliyofungwa kwa udongo uliochanganywa na saruji inapunguza funza na minyoo. Mwenye pesa kidogo basi aanze na sakafu. Ukuta wa fito unaweza kungoja mwaka mwingine. Miguu ya mtoto haiwezi.

Kwa anayejenga upya, yako matofali ya intaloki, yaani yale yanayoshikana yenyewe kwa meno. Hufyatuliwa kwa mashine ya mkono kutoka udongo mwekundu na saruji kidogo, bila kuchomwa. Babu wa mashine hizi ni ile iliyobuniwa Kolombia miaka ya 1950. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi: Profesa Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni tofali lililopinda, linalojengea matangi ya maji. Faida kubwa katika eneo hili ni kuni. Tanuri la kuchoma matofali hula miti mingi, na miti hiyo haioti kwa msimu mmoja.

Udongo lakini haulingani. Ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi haufai kabisa. Ule mwekundu hupimwa kwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kilichopakwa mafuta ndani. Udongo uliolowa hushindiliwa humo, ukaanikwa juani siku 3 au kivulini siku 7, kisha husukumwa upande mmoja na pengo likapimwa. Pengo likiwa chini ya milimita 15, debe 1 la saruji huchanganywa na madebe 18 ya udongo. Likiwa kati ya 15 na 30, ni madebe 16; kati ya 30 na 45, ni 14; kati ya 45 na 60, ni 12. Udongo huchimbwa chini ya tabaka la juu lenye mizizi, ukachekechwa. Kipimo hiki hakigharimu kitu, lakini ndicho mafundi wengi wanachoruka.

Wanaruka pia kumwagilia. Tofali hufunikwa kwa karatasi ya plastiki na kunyunyiziwa maji siku 7, halafu likaachwa mpaka zitimie siku 28. Lililojengewa siku ya nne litamomonyoka, na watu watasema intaloki ni mbaya.

Sasa kuhusu hewa. Huku jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Paa litokeze nje ya ukuta vya kutosha, kwa ajili ya kivuli na pia kuzuia mvua. Msingi wa mawe uinuke juu ya ardhi. Dari iwepo hata kama ni ya mikeka. Matundu ya hewa yawe juu ya kuta zinazotazamana ili joto litoke, ila Bungoma iko katika ukanda wa ziwa wenye malaria mwaka mzima, na mbu hupenda kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Uwazi huo uzibwe, na kila tundu liwekewe wavu. Nyumba yenye ubaridi na mbu si nafuu kwa mtu yeyote.

Mvua za masika huanza Machi. Anayetaka kufyatua mwaka huu apime udongo wake Desemba, afyatue Januari, matofali yakauke Februari yakiwa yamefunikwa.