NGONJERA NA MAZUNGUMZO YA RAIA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dodoma)



Tumeombwa jioni hii tuseme machache juu ya faida ya mashairi na mazungumzo katika kulijenga taifa. Wako wadhanio kwamba mambo haya ni ya kupitisha wakati tu, majalada yakiisha kufungwa. Sisi twaona sivyo, na ushahidi wetu hatuutoi mbali. Twautoa hapa hapa Ugogo.

Mwaka 1917, huko Ihumwa, karibu na mji huu, alizaliwa Mathias Mnyampala. Katika maisha yake alikuwa mwalimu, karani, liwali na hakimu. Yaani mtu wa kazi kama zetu. Lugha ya kwao ilikuwa Kigogo, wala hakuzaliwa Lamu wala Mombasa, yalikositawi mashairi ya zamani. Hata hivyo alijifunza kanuni za vina na mizani mpaka akahesabiwa miongoni mwa mabingwa. Wala hakuwasahau wazee wake: mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, nacho kimeandikwa kwa Kiswahili, ili Mhaya na Mmakonde waweze kukisoma. Hapa twajifunza kwamba mtu hana haja ya kukana kwao apate kuwa wa taifa. Yampasa awaeleze wenziwe habari za kwao kwa lugha waisikiayo wote.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Nyerere aliwataka washairi waieneze siasa hiyo kwa watu. Mnyampala, aliyekuwa kiongozi wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliitika kwa ngonjera. Ngonjera ni shairi la kujibizana: mmoja auliza au apinga, mwenziwe ajibu, nalo husemwa kwa sauti na vitendo mbele ya hadhara. Yeye alifariki mwaka 1969. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971, na watoto wengi wa shule wakazikariri.

Kujibizana kwenyewe hakukuwa kugeni. Pwani, washairi tangu zamani walitupiana mafumbo na majibu. Katika ngoma za Wagogo nako, mmoja huanza na wengine huitikia.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Katika ngonjera nyingi za wakati ule, mwenye shaka huwekwa ili ashindwe. Mwanzo aonekana mjinga. Mwisho akiri kwamba mwenziwe amesema haki. Kwa kutangaza jambo lililokwisha kukatwa, njia hiyo yafaa. Kwa kutafuta shauri haitoshi, maana ambaye jibu lake limekwisha kuandikwa na mwingine hakuulizwa kitu.

Tena jambo hili halikuwa la jukwaani tu. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, Wagogo wengi walihamishwa wakakusanywa vijijini. Mfugaji aliyezoea kuishi mbali mbali na jirani zake, apate nafasi ya mifugo na mashamba, alikuwa na maswali ya haki: ng'ombe wote hawa watakula wapi, na kila siku watakwenda umbali gani? Maswali hayo hayakuwa ujinga. Yalikuwa elimu ya nchi kame, nayo ilistahili kusikilizwa kabla ya kuhama, si baada yake.

Sasa jambo hili latuhusu sisi. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016 wizara zimehamia kwa wingi. Watumishi wa kila mkoa wamekutana hapa na wenyeji. Twanunua kwao, twapanga kwao, twagawana viwanja na maji. Lakini kuzungumza nao, ni wangapi wetu wamepata kuzungumza?

Basi twatoa shauri. Kila miezi mitatu chama kifanye jioni moja ya ngonjera, nayo ya kwanza iwe ya Mgeni na Mwenyeji. Pawe na sharti mbili. La kwanza, kila upande utunge beti zake wenyewe. Mwenyeji asitungiwe maneno na mgeni. La pili, pasiwe na ubeti wa kushindwa. Beti zikiisha, shauri liachiwe wasikilizaji, wazungumze, na katibu ayaandike waliyoyasema, hata yale yasiyotupendeza.

Waliotutangulia katika kazi hii walianzisha chama chao Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mbele, wapate mahali pa kukutana na kusemezana. Sisi tusikose nafasi hiyo. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mtu ajapo dirishani petu na swali, tusimfanye yule mjinga wa ngonjera. Huenda yeye ndiye mwenye ubeti tunaouhitaji.