Tukiitwa Barazani kwa Ajili ya Nyumba



Ndugu wapendwa, sisi wa Misima tunaujua uzito wa neno "nyumba". Tangu Juni 2022, familia kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera katika kata yetu, swali la nani alitangulia kulima wapi limezungumzwa sana. Hilo lina siku yake. Leo tunazungumza juu ya nyumba iliyowekwa rehani, mkopo ukashindikana kulipwa, na mkopeshaji akataka kuiuza.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mzee mmoja barazani. Tulisali naye, tukamtia moyo, lakini hatukumwuliza kama amebeba stakabadhi. Alikuwa amelipa sehemu kubwa ya deni, na karatasi zote zilibaki nyumbani ndani ya debe. Alipotakiwa kutoa ushahidi, alinyoosha mikono mitupu. Mnada haukuzuiwa. Tangu siku hiyo tumeshika neno hili: sala haiondoi wajibu wa kujiandaa.

Kwanza, tusingoje kuitwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na marekebisho yake, mkopeshaji anaweza kuuza nyumba ya rehani bila kupata hukumu, mradi afuate utaratibu. Kwa hiyo mara nyingi mkopaji ndiye anayepaswa kufungua shauri na kuomba zuio la muda. Utaratibu wenyewe unadai ilani ya maandishi ya siku 60, na mnada utangazwe hadharani siku 14 kabla. Siku tunapopokea ilani, tuandike tarehe juu yake siku ile ile. Tarehe hiyo yaweza kuwa ngao yetu.

Pili, tutafute upatanisho mapema. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, nalo limepewa siku 30. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hudai uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana. Anayekwenda katani wiki ya mnada amechelewa. Hata Injili ya Luka inatuasa kupatana na mshitaki tungali njiani, kabla ya kufika kwa mwamuzi.

Tatu, tupange karatasi. Mkataba wa mkopo, stakabadhi za malipo, ilani, barua zote na hati ya nyumba vipangwe kwa tarehe, na nakala zitolewe. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Mama ambaye hakuombwa ridhaa aseme tangu mwanzo. Lakini aliyetia sahihi asikane sahihi yake. Uongo mmoja huangusha hata ukweli kumi.

Nne, siku ya shauri tufike mapema. Mleta maombi asipotokea bila sababu, maombi yake yaweza kutupwa. Mashahidi waseme waliyoyaona, si waliyoyasikia kilabuni. Tangu mwaka 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza; basi tusione haya kuomba jambo lirudiwe hadi tulielewe. Asiye na uwezo wa wakili atafute msaada wa kisheria. Sheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Tukishindwa katika Baraza la Wilaya, rufani kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 45.

Ndugu wapendwa, haki haina upande mmoja. Deni halali lilipwe, na anayedai chake si adui. Lakini Nabothi alinyang'anywa shamba lake kwa barua na mashahidi wa uongo, huku wazee wa mji wakitii wasiseme neno. Kosa la wazee wale tusilirithi.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo iteue watu wawili, mmoja awe mama, ambao jirani aliyepokea ilani ataweza kuwaonyesha karatasi zake bila kuogopa kuaibishwa. Wamwulize swali ambalo sisi hatukumwuliza mzee wetu: "Stakabadhi ziko wapi?" Kisha wasali naye, na asubuhi ya shauri wafuatane naye.

Mungu awabariki.